Nasaini mizigo ambayo haikufika, na Jumapili nafundisha watoto

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuifuta. Leo naituma kabla sijabadili mawazo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeokoka tangu nikiwa binti wa miaka 17. Nafanya kazi stoo, katika taasisi inayohudumia wagonjwa. Mzigo ukifika mimi ndiye ninayeupokea: nahesabu, nasaini hati ya mapokezi, hati inakwenda kwa wahasibu, msambazaji analipwa. Kwa miaka sita nilikuwa naifanya kazi hii kwa raha. Nilikuwa naomba kimoyomoyo huku nahesabu.

Mwaka jana ulikuja mzigo wa glavu na bandeji ukiwa pungufu. Hati ilisema masanduku 100, mimi nilihesabu 70. Bosi wangu akaniita pembeni akasema, "Saini kama ilivyoandikwa, yaliyobaki yanaletwa wiki ijayo." Nikasaini. Hayakuletwa. Baada ya siku chache akanipa bahasha, akasema ni asante kutoka kwa msambazaji. Sikuiomba, Mama, lakini niliipokea.

Tangu siku hiyo nimesaini mara nne. Bahasha ya kwanza niliipeleka kanisani yote, nikaitumbukiza kwenye sadaka, nikidhani moyo utatulia. Ya pili nililipia deni. Ya tatu na ya nne hata sikumbuki ziliishia wapi.

Jumapili nafundisha watoto. Mwezi uliopita somo lilikuwa Zakayo. Nilipomaliza, mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wale aliowarudishia pesa zao, walimsamehe?" Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Wiki ijayo ilifika, nikaanza somo jingine.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Tumepata kijana mpya stoo, ameokoka si muda mrefu. Watu kazini huniita mama wa maombi, kwa hiyo aliponijia alikuja kwa imani kabisa. Akasema, "Dada, bosi amenitaka nisaini mzigo ambao haujatimia. Wewe huwa unafanyaje?" Nikamwambia ngoja nipokee simu. Hakukuwa na simu. Ni wiki mbili sasa namkwepa. Nikisikia hatua zake nageukia rafu.

Nilimdokezea dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi, akaniambia niache kazi kesho, kwa sababu hatuwezi kufungwa nira na wasioamini. Mwingine akanituliza, akasema Mungu huutazama moyo, na kwamba hata Naamani aliruhusiwa kuinama katika hekalu la sanamu kwa ajili ya kazi yake. Mume wangu hajui habari za bahasha. Anajua tu kwamba silali.

Naipenda Injili, Mama. Ila siku hizi nahisi inaniishia mlangoni pa kazini. Niache kazi? Au dunia ya sasa ndivyo ilivyo, na Mungu ananielewa?

Kalamu Nzito


Marahaba, mwanangu.

Asante kwa kutokuifuta mara ya nne. Nitakujibu kwa urefu, maana mambo uliyoyataja yamekuja yakiwa yamefungwa fundo moja, na fundo likivutwa kwa haraka hukaza.

Naanza na Naamani, kwa sababu ndiye aliyekufariji, na faraja hiyo inakudanganya. Ni kweli, katika 2 Wafalme sura ya 5, baada ya kuponywa ukoma, Naamani alimwambia Elisha kwamba bwana wake huingia nyumba ya Rimoni akiwa ameegemea mkono wake, na yeye hulazimika kuinama naye. Elisha akamjibu aende kwa amani. Lakini tazama Naamani alifanya nini. Alisema mwenyewe, mapema, mbele ya mtu wa Mungu. Na kuinama kwake hakukumpunguzia mtu yeyote chochote. Halafu laiti rafiki yako angesoma mistari michache zaidi katika sura hiyohiyo! Angemkuta Gehazi, mtumishi wa Elisha, akimkimbilia Naamani njiani na kisa cha uongo, akipokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akivificha nyumbani, kisha akirudi kusimama mbele ya bwana wake kama mtu ambaye hajatoka. Sura moja ina mtu aliyeinama na mtu aliyechukua. Barua yako, mwanangu, inazungumzia kuchukua.

Na hilo la Mungu kuutazama moyo. Maneno hayo Samweli aliambiwa siku ya kumtafuta mfalme, alipovutiwa na kimo cha kijana mrefu. Hayakutolewa yawe blanketi. Mungu anayeutazama moyo ameuona na wako ukigeukia rafu.

Sasa yule dada anayekutaka uache kazi kesho. Namheshimu, kwa sababu ameona kwamba jambo hili si dogo. Ila mimi ushauri wake niliwahi kuufuata, na nina deni la kukusimulia. Miaka mingi iliyopita, ofisini kwetu kulikuwa na vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha kuonyesha na kimoja cha kweli. Nilipogundua, niliandika barua ya kuacha kazi yenye mistari mitatu ya Biblia, nikaiweka mezani, nikatoka kichwa juu. Kanisani nilitoa ushuhuda. Aliyechukua kiti changu alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Sikumwambia kitu. Wala yule niliyemwandikia barua sikumwambia, ana kwa ana, kwamba anaiba. Niliondoka na usafi wangu nikawaachia wengine uchafu, na nimechelewa sana kuelewa kwamba siku ile niliilinda nafsi yangu zaidi kuliko nilivyompenda jirani.

Ndiyo maana napenda kukurudisha kwa Yohana Mbatizaji. Katika Luka sura ya 3 watu wanamjia mtoni, wenye kazi ambazo kila mcha Mungu wa siku zile alizikunjia uso. Watoza ushuru wanauliza, "Mwalimu, tufanye nini sisi?" Lilikuwa swali lako hasa. Yohana hakuwa mtu wa kubembeleza, dakika moja kabla alikuwa amewaita watu wazao wa nyoka. Tungetarajia awaambie watupe vitabu vya ushuru mtoni. Akawaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao wakauliza, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mishahara yao. Aliwarudisha kwenye vituo vyao vilevile wakiwa na mkono mwingine. Na wote tunajua kwamba mtoza ushuru asiyezidisha, katikati ya wenzake wanaozidisha, hakai salama muda mrefu. Yohana alilijua hilo pia.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza: usiache kazi kesho. Kesho acha kusaini. Inawezekana la pili likazaa la kwanza, lakini mpangilio huo una maana kubwa. Ukifukuzwa kwa sababu umeandika idadi ya kweli, hilo ni jambo moja. Ukikimbia ili usiwahi kuiandika, ni jambo jingine kabisa.

Kuna mtu mmoja nataka umjue, kwa kuwa alikuwa karani kama wewe na jaribu lake lilikuja kwa njia ya kalamu. Aliitwa John Woolman, alizaliwa mwaka 1720 huko New Jersey, Marekani, zama za ukoloni wa Kiingereza, akiwa muumini wa Jumuiya ya Marafiki, Wakristo wanaojulikana pia kama Quakers. Akiwa bado kijana aliajiriwa dukani. Siku moja mwajiri wake aliuza mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa, akamtaka Woolman aandike hati ya mauzo. Mnunuzi alikuwa amekaa palepale anangoja, mzee wa jumuiya yao wenyewe. Woolman alisitasita, kisha akaandika. Aliwaambia wote wawili kwamba anaamini utumwa haupatani na dini ya Kikristo, lakini hati ilikwisha kuandikwa, na yule mama akaenda. Kulalamika kwa kinywa huku mkono unaandika hakukumpa amani, na baadaye alikiri kwamba alipaswa kukataa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukishike. Hakujifungia ndani na aibu yake, wala hakuitupa kalamu. Alipoombwa tena kuandika hati ya namna hiyo, alikataa. Kisha jirani mmoja aliyeumia akamwomba amwandikie wosia, na ndani ya wosia kulikuwa na mtumwa wa kurithishwa. Woolman aliandika yote mengine, akaacha pengo pale penye habari za mtumwa, akamweleza kwa upole kwamba sehemu hiyo hawezi kuiandika. Wakazungumza. Yule jirani akakubali kumwacha mtumwa huru, na Woolman akaumalizia wosia. Woolman alifariki mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano mkuu wa Marafiki huko Philadelphia uliwakataza waumini wake kumiliki watumwa. Hakuwa peke yake katika kazi hiyo, lakini alitembea miaka mingi akiingia nyumba moja hadi nyingine, akizungumza na watu bila kuwatukana.

Wewe nawe una hati yenye nafasi ya kujaza. Mzigo unaofuata ukija, hesabu, kisha andika ulichokihesabu. Yakiwa 70, andika 70, weka sahihi na tarehe, baki na nakala. Usihubiri. Huhitaji kumwambia bosi kwamba yeye ni mwenye dhambi, analijua hilo vizuri kuliko unavyodhani. Mwambie, "Bosi, nitasaini nilichokipokea. Yaliyobaki yakifika nitayasainia siku hiyo." Na bahasha ikija, irudishe mkononi mwake huku unamtazama usoni, usiiache mezani ukakimbia. Bwana wetu alisema "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Mimi nimeona kwamba "siyo" fupi, isiyo na hasira ndani yake, ndiyo inayowashinda watu.

Sikufichi gharama. Anaweza kukuhamisha, kukunyima likizo, kukutafutia kosa. Anaweza hata kukutisha kwa zile sahihi nne, maana sasa ziko mikononi mwake. Kwa sababu hiyo, kabla hujaandika mahali popote maelezo ya hati hizo za nyuma, nenda kwa mwanasheria umweleze yote. Hili sikuambii ili ujifiche. Kukiri mbele za Mungu hakungoji wakili. Lakini ukweli ukipelekwa ovyo unaweza kugeuzwa na wenye nguvu zaidi yako ukabaki wewe peke yako kizimbani, na glavu ziendelee kupungua. Iweni wenye busara kama nyoka, alisema Yesu, akijua anawatuma kondoo kati ya mbwa-mwitu.

Nimetaja glavu, ngoja nibaki hapo. Katika barua yako yote umeniambia habari za moyo wako, usingizi wako, Jumapili zako. Masanduku 30 umeyataja kama namba. Lakini kila sanduku lilikuwa na mtu wake. Kuna nesi aliyefungua kabati usiku akakuta glavu zimekwisha, na mbele yake kuna kidonda. Kuna mgonjwa aliyebadilishiwa bandeji kesho kutwa badala ya leo. Huyo ndiye jirani, mwanangu, hata kama hutamwona maishani. Injili haijaishia mlangoni pa kazi yako. Iko ndani tayari, kitandani kwa yule mgonjwa, inakungoja uihesabie sawasawa. Naona wengi wetu tumeifanya imani kuwa habari ya utulivu wetu wa ndani, basi tukikosa utulivu tunatafuta dawa ya utulivu. Wewe ulitafuta kwenye sadaka. Ile bahasha uliyoitumbukiza pale kanisani haikuwa yako kuitoa. Ilikuwa ya wagonjwa.

Usijipige kifua zaidi ya hapo. Sasa Zakayo, na huyo mtoto mwenye swali zuri hivyo.

Utakumbuka jinsi jambo lile lilivyokwenda. Yesu anafika chini ya mti, anamwita kwa jina: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Anaingia katika nyumba iliyojengwa kwa pesa za watu, wakati ambapo hakuna hata senti moja iliyorudishwa. Watu wananung'unika, na wana haki ya kununa, maana mali yao ndiyo iliyomo mle. Ahadi ya nusu kwa maskini na ya kurudisha mara nne ilikuja baada ya Bwana kukubali kuwa mgeni wake. Zakayo hakununua ule ugeni. Wewe umejaribu kuufanya mpango huo kinyumenyume: utoe kwanza, utulie, ndipo ujihesabu umekubaliwa. Hukuhitaji. Ulikubaliwa ukiwa na wino mkononi. Na kwa kuwa umekubaliwa, sasa unaweza kurudisha bila woga kwamba usiporudisha vya kutosha utatupwa nje.

Kwa hiyo kaa na mume wako. Leo au kesho, watoto wakilala. Mweleze zile bahasha nne, hata zile usizokumbuka ziliishia wapi. Atakasirika, na usimzuie kukasirika. Lakini mzigo wa kupoteza kazi ataubeba na yeye, basi ana haki ya kujua kabla, si baada. Kisha kadirieni pamoja ni kiasi gani kilipita mikononi mwako, mpange kukirudisha kidogo kidogo mahali kitakapowafikia wagonjwa. Mwanasheria atawaambia njia gani haitaleta utata. Mchukue pia mtu mmoja kanisani anayejua kunyamaza, mchungaji au mzee wa kanisa, umweleze. Mmoja anatosha. Ushuhuda wa hadharani uache kwa sasa, nina sababu zangu za kuuogopa.

Darasa la watoto omba mwenzako akushikie kwa wiki chache. Sikuadhibu. Nataka tu uache kwa muda kuvaa nguo mbili. Utakaporudi, mjibu yule mtoto. Mwambie kweli: Biblia haisemi kama wale watu walimsamehe Zakayo. Huenda wengine walimsamehe na wengine hawakumsamehe, na yeye alirudisha hivyo hivyo. Watoto wanaweza kulibeba jibu kama hilo.

Umeuliza kama dunia ya sasa ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyokuwa pia. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mwovu kuliko bosi wako, na humo humo akawaficha manabii 100 mapangoni, 50 huku na 50 kule, akawalisha. Mkate aliowapelekea alipaswa kuupata mahali, na kila siku angeweza kufa. Eliya alikuwa nje mafichoni, Obadia alikuwa ndani ya jumba, na Mungu aliwahitaji wote wawili. Usiku wa mwisho Yesu aliomba hivi: "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu." Kama wewe ukitolewa stoo, nani atakayejua kwamba ni 70?

Anayejua mwingine ni yule kijana.

Nimemweka mwisho, lakini kwako awe wa kwanza, hata kabla ya bosi. Wiki mbili amekaa na swali lake, na huenda amekwisha kusaini, akijiambia kwamba mama wa maombi asingenyamaza kama jambo lingekuwa baya. Usimwendee na somo. Mwendee na habari yako. Mwambie, "Mdogo wangu, uliniuliza mimi huwa nafanyaje. Nimesaini mara nne, na nilipokea pesa. Nilikukimbia kwa aibu. Sitasaini tena. Mzigo ukija, tuhesabu pamoja." Utapoteza jina la mama wa maombi, nadhani, na hilo litauma kuliko unavyotazamia. Lakini atakuwa na mtu wa kusimama naye, na wewe pia. Wahesabuji wawili wenye idadi moja si rahisi kuwageuza.

Hukuniambia mzigo mwingine unafika lini. Mtafute kabla haujafika.

Mama yako katika Bwana